Makaa ya chenga yasiyovunjika wala kufuka moshi: mwongozo kamili

Kila kaskazi inapoingia na watu wa Malindi kuanza kuanika, maswali hurudi yaleyale, kutoka Barani, Maweni, Muyeye hadi Mambrui. Madonge ya makaa, yale yanayofinyangwa kwa chenga na uji wa muhogo, yamepasuka. Yamegoma kushika moto. Yanafuka moshi mpaka jirani anafunga madirisha. Yameota ukungu ndani ya gunia. Wengi wanaouliza wana chenga nzuri na bidii ya kutosha. Kinachowaangusha ni vipimo, na vitu vilivyotiwa kwenye mchanganyiko ambavyo havikustahili kuingia.

Shika jambo moja tangu mwanzo: kinachopika chakula ni mkaa. Gundi kazi yake ni kushika tu. Maji, mchanga na udongo hula joto ambalo lingefika kwenye sufuria. Kila hatua hapa chini inalenga kuongeza mkaa ndani ya donge na kupunguza hayo mengine.

## Vifaa

Vipimo hivi ni vya kilo 10 za chenga, kiasi kinachomtosha mtu mmoja kufinyanga asubuhi moja.

- Chenga za makaa kilo 10, zilizochekechwa
- Unga wa muhogo gramu 600 hadi 700
- Maji baridi yasiyo na chumvi lita 6, na lita moja ya akiba
- Wavu wa matundu ya milimita 3, uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao
- Kinu na mchi
- Karai, beleshi na sufuria kubwa
- Kipande cha paipu ya inchi 2, urefu wa sentimita 15, na mti wa kushindilia unaopita ndani yake bila kukwama
- Wavu au kichanja cha kuanikia, na turubai ya kufunika usiku
- Kitambaa cha kufunga puani na mdomoni, na glavu

Asiye na mizani achukue mkebe wa lita moja. Mikebe 15 ya chenga huenda na mkebe 1 wa unga na mikebe 5 ya maji. Hesabu hiyo inakaribiana sana na ile ya kilo.

Chenga hupatikana kwa wauza makaa. Katika safari ya makaa kutoka shambani hadi jikoni, asilimia 10 hadi 15 huishia kuwa chenga na vumbi, na muuzaji anayelipia nafasi ya kibanda hufurahi kuzitoa. Ongea naye kwa heshima, mpelekee gunia lako, na umwombe azimwage moja kwa moja ndani badala ya kuzirundika chini. Ombi hilo dogo litakupunguzia nusu ya kazi ya hatua ya kwanza.

Kuhusu maji: visima vingi vya pwani yetu vina chumvi, na wapo wanaochota baharini kabisa kwa kuwa ni karibu. Usifanye hivyo. Chumvi ya bahari huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo donge lililokauka mchana hulowa tena usiku, na chuma cha jiko huliwa na kutu. Tumia maji ya mvua, ya bomba au ya kisima kitamu.

## Visivyoingia kabisa: plastiki na makaa ya mawe

Hapa nitakaa kidogo, maana ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote na ndilo linaloniumiza moyo.

Fukwe za Lamu na Malindi zimejaa chupa, nailoni na ndara zilizokatika. Mtu anaona plastiki inawaka vizuri, anajua kuna viwanda duniani vinavyochanganya plastiki na vumbi la makaa ya mawe kutengeneza kuni za viwandani, anajiuliza kwa nini asifanye vivyo hivyo uani kwake. Nia ni njema. Na ni kweli plastiki ina joto jingi: kilo moja ya plastiki ya mifuko hutoa takriban megajuli 43 hadi 46, wakati kilo ya makaa mazuri hutoa karibu megajuli 30.

Taabu ni jinsi joto hilo linavyotoka. Plastiki ya mifuko na ya madumu huyeyuka kati ya nyuzi 105 na 135, yaani kabla donge halijashika moto. Inachuruzika, inadondokea kwenye majivu, inaziba matundu ya hewa, na inawaka kwa moshi mweusi wenye masizi. Plastiki ya mapaipu ya maji na ya baadhi ya nyaya ni mbaya zaidi: zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Ikiungua kwenye jiko hutoa mvuke wa asidi unaochoma koo na macho, pamoja na sumu ziitwazo dayoksini, ambazo hujikusanya kwenye mafuta ya mwili na kukaa humo miaka mingi. Chakula kiko juu ya moshi huo. Mtoto mgongoni yuko kwenye moshi huo.

Tanuri la saruji huweza kuteketeza plastiki kwa sababu ndani yake vitu hufika nyuzi 1,450, hewa hupimwa, na moshi husafishwa kabla ya kutoka. Seredani haina hata kimojawapo. Kupunguza kiasi, "kidogo tu cha kushikia moto", hakubadilishi jambo. Hata ile desturi ya kuwashia makaa kwa kipande cha nailoni iachwe.

Plastiki uliyookota ipange kwa aina, ioshe, uiuze kwa kilo kwa wanaokusanya. Ikiyeyushwa na kuundwa upya ina thamani kuliko ikichomwa. Lamu wamekwisha kuonyesha: jahazi la Flipflopi liliundwa huko kwa plastiki iliyookotwa, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar.

Makaa ya mawe nayo, yale yanayoingia nchini kwa ajili ya viwanda, yasiingie jikoni hata yakiwa vumbi la bure. Yana salfa, na mengine yana zebaki na aseniki. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2014 kwamba makaa ya mawe yasiyosafishwa yasitumike kabisa kama nishati ya nyumbani. Pendekezo hilo lina sababu: katika mkoa wa Guizhou, China, watu waliokausha pilipili na mahindi juu ya moto wa makaa ya mawe walipata sumu ya aseniki na ya floraidi kutokana na chakula hicho.

Vitu vingine vya kukataa ni mbao zenye rangi au dawa ya mchwa, vipande vya jahazi kuukuu, na maganda ya korosho yaliyotoka tu kubanguliwa, ambayo mafuta yake huchubua ngozi na moshi wake huwasha.

## Hatua ya 1: Pima mchanga

Chenga za pwani zina mchanga. Usikisie, pima.

Chukua bilauri ya kioo, jaza maji, tia kiganja kimoja cha chenga, koroga, kisha tazama kwa dakika mbili. Mchanga huzama papo hapo na kulala chini. Mkaa huelea au huzama polepole. Ukiona tabaka jembamba la mchanga chini, endelea. Tabaka likiwa nene kama robo ya kila kilichotulia, chenga hizo zitakupa majivu zaidi ya moto.

Zenye mchanga mwingi unaweza kuziosha kwenye karai: mimina maji, koroga, engua mkaa unaoelea kwa chujio, mwaga mchanga. Kisha zianike. Ni kazi, lakini ni nafuu kuliko kupika mbaazi saa nne.

## Hatua ya 2: Chekecha na utwange

Nyunyizia chenga maji kidogo sana ili vumbi litulie, funga kitambaa puani, na ukae upande ambao upepo unatokea. Vumbi la makaa likiingia kifuani kila siku huharibu mapafu, na watoto wasicheze karibu.

Chekecha kwa wavu wa milimita 3. Vipande vikubwa vitwange, uvichekeche tena. Wengi huruka hapa, na hapa ndipo madonge mengi hupasukia. Kipande kikubwa ndani ya donge hakinywi gundi. Kinabaki kimesimama peke yake, na ufa huanzia pembeni mwake.

Usitwange vyote vikawa unga mlaini, hata hivyo. Mchanganyiko wa punje na unga hushikana vizuri zaidi, kwa kuwa unga hujaza mapengo kati ya punje, na hewa bado hupata pa kupita wakati wa kuwaka.

Umefaulu kama ukishika chenga mkononi unahisi punje ndogo na unga pamoja, bila kipande kinachochoma kiganja.

## Hatua ya 3: Kama huna chenga, choma vifuu

Mwenye chenga za kutosha aruke hatua hii.

Vifuu vya nazi hutoa makaa bora kuliko miti mingi, na kwetu hutupwa kila siku. Viwe vikavu na visiwe na makumbi. Kilo 100 za vifuu hutoa kilo 25 hadi 30 za makaa.

Tafuta pipa la chuma la lita 200 lililokuwa na vyakula au mafuta ya kupikia. Pipa lililokuwa na kemikali usiliguse, na lililokuwa na petroli laweza kulipuka. Toboa matundu kumi hivi kwenye kitako, uliinue juu ya mawe matatu. Washa moto mdogo ndani, tia tabaka la vifuu, subiri lishike, ongeza tabaka jingine, hivyo hivyo hadi pipa lijae.

Tazama moshi. Mwanzoni ni mweupe na mzito. Huo ni maji yanayotoka. Ukiwa mwembamba wenye ubluu, vifuu vimeiva. Hapo teremsha pipa kutoka kwenye mawe kwa kutumia vigingi na mtu wa pili, lunda udongo kuzunguka kitako, weka kifuniko, na uzibe kingo kwa udongo uliolowa. Kuanzia hapo hewa isiingie kabisa, la sivyo utakuta majivu.

Usifungue mpaka kesho, na hata kesho gusa pipa kwanza. Makaa yenye joto ndani hushika moto upya yakipata hewa. Kazi yote ifanyike uwanjani, mbali na makuti.

Kipande kilichoiva ni cheusi hadi ndani, huvunjika kwa sauti kali, na hakichafui mkono kwa lami. Chenye rangi ya kahawia rudisha kwenye pipa lijalo, kwani ndicho chanzo cha moshi.

## Hatua ya 4: Pika uji wa muhogo

Unga mbichi ukichanganywa na maji baridi haushiki kitu. Wanga wa muhogo huwa gundi ukipata joto la nyuzi 65 hadi 70 na kuendelea, chembe zake zinapovimba na kupasuka. Ndiyo maana lazima uive.

Koroga unga wote kwenye lita moja ya maji baridi hadi mabonge yaishe. Chemsha lita tano zilizobaki, mimina ule unga taratibu huku unakoroga, endelea kwa moto mdogo mpaka uji ugeuke kutoka weupe wa maziwa na kuwa wa kung'aa, unaovutika kwenye mwiko. Ukiwa bado mweupe, haujaiva.

Usiongeze unga kwa kudhani donge litakuwa gumu zaidi. Ukizidi gramu 800 kwa kilo 10 za chenga, donge huwa gumu kweli, lakini linafuka moshi, linanukia uji ulioungua, na panya hulitafuna ghalani.

Je, udongo wa mfinyanzi? Watu hutumia, na hushika. Lakini kila gramu yake hubaki kuwa majivu. Kama muhogo umepanda bei, tumia nusu ya unga na kilo moja ya udongo mwekundu laini uliochekechwa, na ukubali moto wa taratibu. Karatasi zilizolowekwa siku mbili na kupondwa pia hushika, ila donge huwa jepesi na huisha haraka.

## Hatua ya 5: Changanya

Mwaga chenga kwenye karai, fanya shimo katikati, mimina uji ukiwa bado moto. Geuza kwa beleshi kwanza, ukipoa vaa glavu ukande kwa mikono. Endelea robo saa nzima. Kila punje inatakiwa kupakwa, na punje kavu iliyofichika pembeni mwa karai itakuwa ufa kesho.

Sasa fumba mkononi tonge moja na ukaze. Likifunguka kiganja kikifunguliwa, ongeza maji kidogo kutoka kwenye akiba. Maji yakitoka katikati ya vidole, ongeza chenga. Tonge zuri hubaki na alama za vidole, halitoi tone, na ukilirusha juu kidogo na kulidaka halivunjiki.

## Hatua ya 6: Finyanga au shindilia

Kwa mkono: tengeneza duara la sentimita 4 hadi 5, ulikaze kwa viganja viwili mpaka uso uwe laini.

Kwa paipu: simamisha paipu juu ya ubao, jaza, shindilia kwa mti na nyundo ya mbao, ongeza, shindilia tena, kisha sukuma donge litoke. Lisizidi sentimita 6 kwa urefu. Paipu hapa ni kifaa tu, haiingii motoni.

Tamaa ya madonge makubwa iepukwe. Donge nene hukauka nje likabaki na maji kiini, na kiini hicho ndicho kinachofuka moshi na kuota ukungu. Anayetaka makubwa ayatoboe tundu la sentimita moja katikati ili hewa ipite.

## Hatua ya 7: Kausha bila pupa

Jua la Malindi ni kali, na wengi hufurahi kuyatandaza juani mara tu yakitoka mkononi. Uso hukauka na kunywea wakati ndani bado kumelowa. Uso haupati pa kwenda, unapasuka.

Siku ya kwanza yaweke kivulini penye upepo. Siku ya pili yatoe juani na kuyageuza asubuhi na alasiri. Yalale juu ya wavu au kichanja, siyo juu ya turubai, kwani upande wa chini hautapumua. Jioni yafunike au yaingize ndani, maana umande wa pwani hurudisha maji yote ya mchana.

Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, siku tatu hadi tano hutosha. Mvua za masika zikianza, hasa mwezi wa Mei, inaweza kupita wiki na zaidi. Mwenye kutaka makaa ya kupikia wakati wa kusi ayatengeneze mapema.

Njia ya uhakika ni mizani: pima madonge matano yaleyale jioni mbili mfululizo. Uzito usipobadilika, yamekauka.

## Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kutia guniani

Gonganisha mawili: yatoe mlio mkavu. Vunja moja utazame kiini; rangi iwe moja kutoka ukingoni hadi katikati. Angusha jingine kutoka kiunoni hadi kwenye sakafu ya saruji. Likikatika vipande viwili, sawa. Likisambaratika, gundi ni ndogo au halikushindiliwa.

Mwisho choma kilo moja na upime majivu yakipoa. Gramu 150 hadi 200 ni kawaida kwa chenga za sokoni. Yakipita gramu 300, rudi hatua ya kwanza.

## Hatua ya 9: Kuwasha na kupika

Madonge huchelewa kushika. Tandaza vipande vichache vya makaa ya kawaida au vifuu chini, washa kwa makumbi, kisha panga madonge juu yake yakiacha nafasi katikati. Washa nje na usiingize jiko mpaka moshi wa mwanzo uishe. Baada ya hapo yaache. Ukiyachokoa yanavunjika na moto unalala.

Yanafaa sana kwa vyakula vya kukaa motoni, kama mbaazi, maharagwe na supu, na hakuna kinachopalia wali wa nazi vizuri zaidi, kwani joto lake ni la upole na halibadiliki. Kwa mahamri, ambayo yanataka mafuta yenye moto mkali, bado ningetumia makaa ya kawaida.

Onyo ambalo halina nafasi ya kubishaniwa: moto usio na moshi bado hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Pikia penye dirisha na mlango wazi. Usilale na jiko chumbani, hata limebaki vijinga viwili.

## Yakiharibika

Yanapasuka yakikauka. Jua la mapema, maji mengi, au vipande vikubwa visivyotwangwa.

Yanamomonyoka kama vumbi. Uji haukuiva, au haukufika kila mahali.

Hayashiki moto. Kwanza shuku unyevu: yaanike siku mbili zaidi ujaribu. Yakikataa bado, ni mchanga au udongo.

Moshi hauishi. Unga umezidi, au vifuu havikuiva. Moshi mweusi wenye harufu kali kwa kawaida una maana kwamba kuna plastiki ndani. Zima, mwaga, na chakula hicho usikitumie.

Yameota ukungu. Yalitiwa guniani mabichi. Yapanguse nje, yaanike, kisha yahifadhi kwenye gunia linalopumua, juu ya mbao, mbali na ukuta.

Yaliyovunjika yasitupwe. Yaloweke usiku mmoja, yaponde, changanya na uji wa nusu kipimo cha unga, kwa kuwa gundi ya kwanza bado imo, kisha uyafinyange upya na kuyakausha kuanzia kivulini.